Nyumba Iliyonikataa Kabla Sijazaliwa

Sisi wabeba boksi tukija likizo Dar tunaonyesha picha za theluji. Safari hii mimi nilimwonyesha mjomba karatasi ya mwaka 1938.

Ni ya nyumba niliyonunua Minneapolis kwa mkopo wa miaka 30. Nilipewa nyaraka zote za zamani, nikawa nazisoma usiku mmoja kwa kukosa usingizi. Ukurasa wa nne: kiwanja hiki kisiuzwe wala kupangishwa kwa mtu mwenye damu ya Kiafrika, labda awe mtumishi wa ndani. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilizuia mahakama kutekeleza masharti ya namna hiyo. Sheria ya Aprili 1968, iliyosainiwa wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa, ikapiga marufuku ubaguzi wenyewe kwenye nyumba. Maandishi yapo palepale. Na mtaani kwangu, weusi tunahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Tulikuwa kwa muuza kahawa, Mtaa wa Lumumba, tumetazamana na Mnazi Mmoja. Mjomba aliisogeza simu mbali, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hawa angalau wameandika," akasema. Akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara. "Ule uwanja unadhani uliachwa ili watoto wacheze mpira?"

Waingereza waliuacha wazi kuitenga Uhindini na Kariakoo ya Waswahili, kisingizio kikiwa mbu na malaria. Kanuni zao za ujenzi zilitaja aina ya nyumba tu: za kizungu kanda hii, za udongo na makuti kanda ile. Wajerumani walishauanza mchezo huo 1891. Sasa kuli wa bandarini angejenga nyumba ya kizungu kwa mshahara upi? Hujamtaja mtu, na umeshamfukuza.

Nikatikisa kichwa kwa uchungu, nimeshajiweka upande wa walioonewa. Mjomba hakuniacha nikae hapo.

"Na sisi je, mwaka 1971?"

Mwaka huo serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sheria nayo haikutaja rangi. Lakini ghorofa za Upanga na Kisutu zilikuwa za nani kama si Wahindi? Mjomba alikuwa kijana, anasema alishangilia mpaka sauti ikakauka. Fundi wake wa nguo alinyang'anywa ghorofa aliyojenga kwa miaka mingi. Akafunga cherehani, akahamia Kanada.

Nikamweleza kwamba tangu 2019 jimbo letu lina fomu: mwenye nyumba anajaza, analikana lile sharti, inawekwa kwenye kumbukumbu.

"Jaza, mwanangu." Akamega kashata. "Nyie mna fomu. Mimi yule fundi nimjazie fomu gani? Suruali yangu aliniachia haijapindwa."