Tumbo linalojua kalenda

Kuna kitu kimenikaa rohoni muhula mzima, acha nikitoe. Kijana wangu yuko darasa la tatu, ni wale wasiotulia, akikaa kitini utadhani kina miiba. Basi ticha wake akaona dawa ni kumbakiza ndani saa ya mapumziko amalizie kunakili za ubaoni. Mi sikuambiwa. Nilichoona ni kila asubuhi "mama tumbo linauma", halafu Jumamosi tumbo limepona kabisa anaruka kamba mpaka giza linaingia, nikamuuliza wee tumbo gani hilo linajua kalenda? Akainama, anachezea kamba ya kiatu, akasema kwa sauti ndogo, "siku hizi sitoki na wenzangu."

Jamani. Mtoto ambaye mwili unamdai kukimbia ndo huyohuyo tunamfungia ndani, afu tunashangaa haandiki!

Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linataka wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuhangaisha mwili, yaani moyo udunde na pumzi zipande, na angalau siku 3 kwa wiki iwe shughuli nzito kidogo, kukimbia, kuruka, kupanda, ili mifupa na misuli ikaze. Sasa piga hesabu, masomo, basi la shule, homuweki, katuni, kulala, hizo 60 utazitoa wapi kama mapumziko nayo yamegeuzwa kiboko? Tena kuna watafiti Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka 2009 waliwatembeza watoto wa miaka kama 9 kwa dakika 20 tu, kutembea, hata si kukimbia, na baada ya hapo wakawa makini zaidi na wakaelewa vizuri zaidi walichosoma. Walikuwa watoto 20 tu kwa hiyo sitaki kuapa kwa jina lao, ila mama yeyote anajua mtoto aliyetoka kucheza anavyokaa.

Ila na mi nisijifanye, michezo ya shule ndo ilinifanya nichukie shule. Wawili wanachagua timu, mi nabaki wa mwisho, afu wanabishana nani anichukue, "mchukue wewe", "aa mi nimeshajaza". Mbio nilikuwa nazipenda sana nikiwa peke yangu mtaani! Kwa hiyo kumtoa mtoto nje peke yake hakutoshi, inategemea huko nje anachekwa au anacheka.

Nilienda kuongea na ticha, nikijua tutazozana, kumbe naye kachoka, darasa limejaa na daftari za kusahihisha hazimwishii. Tukakubaliana atoke kwanza, viporo vyake aje amalizie nyumbani. Mwandiko bado ni kuku kaparura, jana karudi kiatu kimepasuka mdomo na bado ana ukurasa mzima wa kunakili, ila wiki ya tatu hii sijasikia habari za tumbo.