Nilivyoanza kurekodi uimbaji wangu nyumbani kwa stendi ya neti

Kila niliyemwambia kwamba nataka kurekodi uimbaji wangu nyumbani alinishauri ninunue kitu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza chumba chenyewe kikoje. Ninaimba sauti ya pili katika kwaya, ninaishi Tabata, Dar es Salaam, na chumba changu kina sakafu ya vigae, dirisha la aluminiamu na kuta zilizopakwa rangi ya mafuta, kwa hiyo sauti hugonga kila upande na kurudi. Ukipiga kofi moja katikati yake, unasikia mlio mkali ukifuata papo hapo, na mlio huo ndio unaomfanya mwimbaji asikike kama amefungiwa bafuni.

Muuzaji mmoja wa Kariakoo aliniambia, "Dada yangu, bila maiki ya kondensa unapoteza muda." Hakutaja kwamba maiki nyingi za aina hiyo zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundi kadi, yaani kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta, wala kwamba katika chumba kama changu ingenasa hata bodaboda ya mtaa wa pili. Nilichukua maiki ya dainamiki ya USB, aina isiyonasa sana sauti za mbali, ambayo pamoja na hedifoni za waya za kufunika masikio ilinigharimu laki mbili na ushee. Wanaoidharau dainamiki wajue kwamba Michael Jackson aliimbia Shure SM7, ambayo ni dainamiki, katika albamu yake ya mwaka 1982.

Ushauri ulioniudhi kuliko yote ni wa trei za mayai. Shemeji yangu, ambaye hajawahi kurekodi hata salamu za redioni, alikuja Jumamosi na rundo la trei alizokusanya kwa wauza chipsi, akazibandika ukuta mzima huku akinieleza jinsi studio kubwa zinavyojengwa. Kufikia jioni chumba kilikuwa kinanuka mayai viza, na wiki haikuisha kabla mende hawajahamia. Nilipopiga kofi, ukali wa mlio ulikuwa umepungua kidogo tu, lakini nilipoimba noti za chini, mvumo ulikuwa palepale. Wimbi la sauti ya hertz 200 lina urefu wa karibu mita 1.7, na karatasi nyembamba ya trei hailifanyi lolote, kwa kuwa kinachomeza sauti ni kitu kinene na laini. Shemeji alishikilia kwamba trei hazikutosha. Nilizibandua peke yangu, na rangi ya ukuta ikatoka nazo.

Jawabu lilikuwa limesimama kitandani miaka yote hiyo. Stendi ya neti, ile ya mabomba ya chuma inayouzwa na mafundi wa kuchomelea barabarani, niliitoa ikiwa nzima, nikaisimamisha mbali na ukuta, nikaitundikia mablanketi mazito pande tatu na juu kwa vibanio vya nguo. Godoro nalisimamisha nyuma yangu, si nyuma ya maiki, kwa sababu maiki ya kuimbia husikia zaidi kilicho mbele yake, yaani mimi na ukuta ulio mgongoni mwangu. Kofi la kwanza nililopiga humo lilikufa papo hapo, nami nikacheka peke yangu kama mwehu. Joto lake halielezeki, maana feni lazima izimwe, kwa hiyo naimba ubeti mmoja, natoka, nakunywa maji, narudi. Friji nayo naichomoa, na ili nisisahau kuirudisha naweka funguo za nyumba ndani yake, kwa kuwa siwezi kutoka bila kuifungua.

Soksi ndefu ya kike iliyovutwa juu ya waya wa hanga inazuia pumzi za "p" na "b" vizuri kabisa, nami nasimama shubiri moja kutoka kwenye maiki. Katika Audacity, programu ya kurekodi ambayo ni ya bure, nahakikisha kilele cha sauti kinacheza kati ya -12 na -6 dB, kwa kuwa sauti iliyopasuka haitengenezeki.

Kazi niliyoipenda zaidi ni kuimba sauti tatu peke yangu, moja juu ya nyingine. Hapo ndipo sauti ya pili ilipotokea kuchelewa nyuma ya ya kwanza, na mtu mmoja akadai kwamba sijui kushika mapigo, mimi niliyekulia kwayani! Kosa lilikuwa la kompyuta. Nilicheza mlio wa metronomu, ule wa kuhesabia mapigo, nikaibana hedifoni kwenye maiki, nikarekodi, nikapima pengo kati ya milio miwili, kisha nikarekebisha kipimo cha ucheleweshaji ndani ya programu kwa kiasi hicho. Hedifoni za bluutuzi msijaribu kabisa katika kazi hii, maana zinaongeza ucheleweshaji wake.

Mwalimu wetu wa kwaya aliposikiliza aliniuliza nimelipa studio gani. Nilikuwa nimemtumia faili la WAV kwa WhatsApp kama dokumenti, kwa sababu ukilicheza kwa spika na kulirekodi upya kama ujumbe wa sauti, kazi yote ya mablanketi inapotea njiani.