Vizibo vitano juu ya mkeka

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, likizo nimeshukia kwa dada yangu Morogoro, najinoa kwa mashindano ya kuandika programu. Swali lililonikalia kooni lilikuwa fupi: umepewa namba, futa tarakimu kadhaa bila kuvuruga mpangilio wa zinazobaki, upate namba ndogo kuliko zote.

Kwanza nilijaribu kila uwezekano. Ukifuta tarakimu mbili kwenye 52817, njia ni 10 tu. Ukifuta 20 kwenye namba ya tarakimu 40, njia zinapita bilioni 137. Hata kwa kupima milioni moja kila sekunde utasubiri zaidi ya saa 38. Nikaona basi, nifute zile kubwa. 8 na 7 zikatoka, ikabaki 521, na jibu sahihi ni 217.

Jioni umeme ukakatika. Mpwa wangu wa darasa la tatu alikuwa anachezea vizibo vya soda mkekani. Nikamwomba vitano, nikaviandika 5, 2, 8, 1, 7, nikamwambia atoe viwili namba iwe ndogo kabisa.

Akasogeza taa. Kidole kikapita juu ya 8, kikarudi kwenye 5, akakisukuma nje ya mkeka.

“Mbona hukutoa 8?”

“Mjomba, hiki ndicho kinaanza. Kikitoka tunaanza na mbili.”

Kisha akatoa 8, kwa sababu 1 ilikuwa inaifuata. 217. Mwili ulinisisimka.

Njia ya namna hii huitwa ya ulafi: inachukua kilicho bora sasa hivi na haigeuki nyuma. Nilikuwa siiamini. Ukiwa na sarafu za 1, 3 na 4 ukitaka 6 kwa sarafu chache iwezekanavyo, mlafi atachukua 4, 1 na 1, wakati 3 mbili zinatosha. Lakini kwenye tarakimu, wa kushoto ana nguvu kuliko wote walio kulia kwake. 2999 haiifikii 3000. Kwa hiyo unatembea kutoka kushoto, na kila tarakimu mpya inazifukuza zilizotangulia ambazo ni kubwa kuliko yenyewe, mradi ruhusa ya kufuta haijaisha.

“Mwache mtoto akalale, kesho shule,” dada akasema kutoka chumbani.

Umeme uliporudi usiku wa manane niliandika programu ya mistari kumi na kitu, nikaituma kwenye mfumo wa kusahihisha. Ikakataliwa. Nilihangaika karibu saa nzima. Sifuri za mbele niliziona mapema: 10200 ukifuta 1 inabaki 0200, yaani 200. Kosa lenyewe lilikuwa kwenye namba inayopanda, kama 12345. Hakuna anayemfukuza mwenzake, ruhusa zinabaki mkononi, na mimi nilikuwa narudisha namba nzima. Ilibidi nikate za mwisho. Nikarekebisha, ikapita.

Asubuhi, mtoto akiwa amevaa sare, nikavigeuza vizibo vile vitano na kuandika 1, 2, 3, 4, 5. “Toa viwili.” Hakufikiri hata kidogo. Akachukua 4 na 5, akavitia mfukoni, akatoka mbio kwenda shule.