Ile ya bluu

Saa tano usiku na bado niko na ile "pole auntie" kichwani.

Mnaikumbuka ile app ya kina mama wa samaki wa Dunga hapa Kisumu, ya kuunganisha mizani na simu. Kwa Android iko sawa kabisa. Ya iPhone ndio ilinigomea Jumatatu, unaijenga, inakimbia kidogo, halafu mstari mwekundu: 'React/RCTBridgeModule.h' file not found. Ati faili la heda, lile la kuiambia code nyingine kuna nini, halionekani, na mimi naliona kwa macho yangu hapo ndani ya node_modules, folda ya code ya kuazima, limetulia kama mtoto anaitwa atumwe dukani.

Nikafuta Derived Data, yale mabaki Xcode (programu ya Apple ya kujenga app) huacha ikijenga. Nikafuta node_modules nikapakua upya na bando langu mwenyewe, pod install (ya kuweka podi, vile vipande vya code vya upande wa iPhone) mara tatu, nikajaza njia kwa Header Search Paths, pale unaiambia itafute heda wapi, nikaziweka recursive, yaani hadi folda za ndani, kosa moja likaenda likaita wenzake. Siku mbili hizo. Jumatano huyu kijana wa attachment akapita nyuma yangu na kikombe cha chai, hata hakusimama vizuri.

"Pole auntie, kwani umefungua ile ya bluu?"

"Bluu gani?"

"Si kuna ya bluu na nyeupe. Ya bluu haijui podi."

Akaenda zake kutafuta mandazi. Na ni kweli, ile ikoni ya bluu ni faili la mradi, .xcodeproj, nyeupe ni .xcworkspace, na podi zinaingia kwa ile nyeupe, kwa hivyo heda zote zilikuwa mlango wa pili na mimi nagonga wa kwanza. Nikafungua nyeupe, nikatoa takataka yote niliyokuwa nimejaza, ikajengeka.

Sasa sijui kinachoniuma ni bluu ama ni auntie. Nina miaka 33! Yule mama wa akaunti ana wajukuu na huyo kijana anamwita sista. Nimeirudia hiyo sentensi nikioga, nimeirudia kwa matatu ya Kondele, hata Jumamosi tukipeleka mahari ya ndugu yangu kule Bondo (ilienda poa, ng'ombe walikubaliwa) mimi nilikuwa nafikiria, alianza na pole, mtu anayekudharau anaweza kuanza na pole?

Halafu leo jioni natafuta kitu kwa README, lile faili la maelezo, ya ile app ya maziwa ya zamani, nakuta nimeandika mwenyewe, 2022, FUNGUA NYEUPE, USIGUSE YA BLUU. Herufi kubwa zote. Na hiyo README ndio nilimpa huyo kijana wiki yake ya kwanza, kumtoa tu kwa meza yangu. Kumbe alisoma! Nani husoma README? Nimecheka hadi jirani akagonga ukuta. Kesho mandazi ni juu yangu, hiyo ya auntie tutaiongea.

Ila maji. Siku ya nne bomba kavu, nimegonga tangi sasa hivi limelia tupu mpaka chini, na Mama anafika Alhamisi na magoti yake hayo, na ni mimi nilimwambia huku maji hayapotei.