Kupita Katikati ya Mahindi Ilikuwa Kazi, Kupima Ikawa Kazi Zaidi

Roboti yangu niliitengeneza kwa kazi moja tu: kupima unene wa mabua ya mahindi. Watafiti wa mbegu wanakitaka sana kipimo hicho kwa sababu bua jembamba huanguka upepo ukivuma, na mbegu inayoangusha mahindi yake haimsaidii mkulima hata kama inazaa vizuri. Kwa mkono, mimi na mwenzangu tulikuwa tukimaliza mabua 600 kwa siku. Shamba la majaribio lilikuwa na vitalu 240, na kila kitalu kilitakiwa kupimwa mabua 10. Siku nne za kuinama, majani yanakata mikono, kisha baada ya wiki mbili unarudi kuanza upya.

Mstari na mstari viliachana sentimita 75. Roboti ilikuwa na upana wa sentimita 35, magurudumu manne, na uzito wa kilo 14. Ilibakiwa na sentimita 20 kila upande, na hizo huonekana nyingi mpaka majani yaanze kuning'inia.

Mwanzoni niliiongoza kwa GPS, ile ya kusahihishwa. Kipokezi kimoja kinawekwa mahali pasipohama, kinatuma masahihisho kwa kipokezi kilicho juu ya roboti, na kosa linashuka kutoka mita kadhaa hadi sentimita mbili tatu. Mahindi yalipokuwa magotini, ilikwenda mstari mzima bila kugusa mmea. Yalipofika kifuani ikaanza kuyumba kama mlevi. Majani yamejaa maji, na maji humeza mawimbi ya setilaiti. Mawimbi mengine yanafika baada ya kugonga huku na huko, yamechelewa, na kipokezi kinadhani kiko pengine kabisa. Niliinua antena juu ya mlingoti. Mlingoti ukanaswa na majani, roboti ikalala ubavu.

Hapo nikaelewa kwa nini yale mashindano ya roboti za shambani yaliyoanzia Wageningen, Uholanzi, mwaka 2003, yanazipeleka roboti katikati ya mistari ya mahindi. Ni mahali pagumu kweli.

Nikahamia kwenye laida, kifaa kinachozungusha miali ya leza na kupima umbali wa kila kinachoigonga. Niliifunga chini, sentimita 20 kutoka ardhini, kwa sababu kimo hicho kina mabua mengi na majani machache. Programu ilichukua nukta za kushoto ikachora mstari mmoja, za kulia mwingine, na roboti ikashika njia ya kati. Jani kavu lililoinama mbele yake ililichukulia kuwa ukuta, ikasimama. Penye mbegu ambazo hazikuota iliona uwazi, ikataka kukata kona. Nilichofanya ni kuizuia isiamini tazamo moja. Kila tazamo jipya lilichanganywa na lililotangulia, pamoja na kihisi kinachopima roboti inavyogeuka na hesabu ya mizunguko ya magurudumu, kwa kanuni aliyoichapisha mhandisi Rudolf Kalman mwaka 1960: chombo chenye makosa mengi kinasikilizwa kidogo, chenye makosa machache kinasikilizwa zaidi. Baada ya hapo jani moja halikuweza tena kuisimamisha.

Halafu mvua ikanyesha, na tatizo baya kuliko yote likaja kimya. Kwenye tope magurudumu yanazunguka pale pale. Hesabu inasema mita 10, roboti imekwenda 8, na vipimo vya kitalu kimoja vinaandikwa kwa jina la jirani yake. Hakuna kinachogonga wala kuanguka; jedwali linajaa vizuri, nawe unasifu mbegu isiyostahili. Niligundua kwa sababu katika kila mstari roboti ilisema imemaliza kitalu cha mwisho wakati bado iko katikati ya mahindi. Nilitupa data ya siku mbili nzima, na iliniuma. Dawa yake ilikuwa nyepesi: kigingi mwanzoni mwa kila kitalu, chenye kibao cha alama za mraba nyeusi na nyeupe. Kamera ikikisoma, roboti inajua ilipo, na hesabu inaanza tena sifuri.

Sasa kupima kwenyewe. Kamera ya ubavuni inapiga picha ya bua, laida inasema bua liko umbali gani, na upana wa bua pichani ukizidishwa na umbali, kisha ukagawanywa kwa namba ya lenzi ya kamera, unakupa milimita. Namba zilitoka nzuri, zimepangika. Nilipozilinganisha na za kalipa, kile kifaa cha kubana bua tulichopimia kwa mkono, hazikupatana, na hazikukosea upande mmoja: huku zimezidi, kule zimepungua.

Mama mmoja aliyekuwa amepima mahindi miaka mingi aliinama kando ya roboti, akaangalia mahali kamera inapolenga. Akaniambia, "Mwanangu, hapo unapima jani, si bua."

Alisema kweli. Jani la mhindi halianzii pale linapoonekana. Sehemu yake ya chini hulizunguka bua kama ala ya kisu. Kisha akalizungusha bua kati ya vidole vyake, akanionyesha kwamba si duara. Lina ubapa. Sisi wapimaji wa mkono tulikuwa tukikaza kalipa upande mpana bila hata kufikiri, na roboti ilipima upande wowote ulioikabili. Tofauti ya pande mbili za bua lile lile ilifika milimita 4. Miezi mitatu nilikuwa nikirekebisha kamera ambayo haikuwa na kosa.

Nikabadilisha vitu viwili. Roboti inatafuta kwanza kifundo, kisha inapima katikati ya pingili iliyo juu yake, mahali ambapo ala imeanza kukauka na kuachia. Na kila mmea unapimwa mara mbili, kutoka pembe mbili tofauti, halafu naandika wastani. Kwa bua moja moja bado sijaridhika. Kwa wastani wa kitalu, tofauti na kalipa iliyokazwa pande zote mbili imeshuka hadi milimita 1 na nusu, na hilo linatosha kutenganisha mbegu nene na nyembamba.

Palizi nimejaribu pia. Nilifunga kijembe nyuma, lakini kwa kilo 14 roboti ilijiinua yenyewe badala ya kung'oa gugu, nikakitoa siku hiyo hiyo.

Vitalu 240 sasa vinachukua asubuhi moja na betri mbili. Mama yule bado anakuja. Anachagua mabua 30 anayoyataka mwenyewe, anayapima kwa kalipa, na mimi sifungui jedwali la roboti mpaka awe ameniandikia namba zake.