Kanzu tatu kabla ya Idd

Kila nilipouliza ninunue kanzu gani, nilipewa jibu lile lile: "Chukua Daffah, yaishe," yaani ile chapa ya kanzu za Kisaudi. Leo nina kanzu tatu kabatini na nasema bila kusita kwamba jibu hilo ni nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ndiyo iliyonila pesa.

Nianze na za Kisaudi, maana hizo hazinipi shida. Daffah na Ikaf ndiyo majina ninayokutana nayo zaidi Kariakoo. Kola imesimama, shingoni vifungo viwili, na saizi inaandikwa kwa inchi za urefu: 54, 56, 58, 60. Mimi ni 58. Niliinunua dukani kwa sh. 60,000 na ushee, naivaa Ijumaa kwa Ijumaa, na kola haijalegea. Kwa anayetaka kanzu ya kufua usiku na kuvaa asubuhi, achukue hiyo.

Ya pili ndiyo iliyonitia uchungu. Muuzaji mmoja wa kando ya barabara alinitolea yenye lebo ile ile, kwa nusu ya bei. "Pamba tupu, kaka, angalia mwenyewe." Nikaangalia. Ilikuwa nyeupe kama tui. Siku ya kwanza kuivaa, kabla hata khutba haijaisha, mgongo ulikuwa umelowa chapachapa. Fuo la pili lebo ikaning'inia kwa uzi mmoja, na kwapani pakashika weusi. Jirani yangu, kwa nia njema kabisa, akaniambia niiloweke usiku kucha kwenye klorini ya kung'arishia nguo. Asubuhi nikaitoa ndooni ikiwa manjano kama samli. Nikatia buluu, nikatia kanji, nikaianika juani siku mbili. Wapi!

Basi nikachomoa uzi mmoja kwenye upindo wa ndani, nikauwasha kiberiti. Pamba ikiungua huacha jivu laini, ukilipuliza linapeperuka. Huu wangu ulijikunja, ukatoa moshi mweusi, ukaacha punje ngumu ndogo kama mbegu ya mchicha. Nikaifinya kwa ukucha, haikuvunjika. Polista kuanzia shingo hadi pindo. Na nguo ya aina hiyo ukiiloweka kwenye klorini, inaweza kugeuka manjano yasiyotoka tena.

Naomba nieleweke hapa. Polista peke yake si kosa. Vitambaa vingi vizuri vya kanzu za Ghuba hufumwa Japani, na Toyobo na Shikibo ni majina makubwa katika kazi hiyo. Vingi vina polista ndani yake, ndiyo maana havikunjamani. Kinachotofautisha ni ufumaji: kizuri kinapitisha hewa na kinaanguka kwa uzito mwilini. Kishike ngumini, hesabu mpaka kumi, kiachie: kizuri hakibaki na mikunjo. Halafu kiweke mbele ya mwanga na utie mkono wako nyuma yake. Ukiziona kucha zako, na msuli uliojifunga ndani utaonekana msikitini.

Ya tatu ilianza Zanzibar. Nilikwenda kwa shughuli ya familia, nikapelekwa kwa fundi mmoja mtu mzima. Nilimwambia, "Shikamoo mzee, nataka ya Kiomani, lakini mfuko wangu si mkubwa." Akaitikia marahaba, akanitazama mabega kabla ya kushika futi. "Mwanangu, kitambaa kanunue mwenyewe. Mimi nitakudai mkono wangu tu." Sijapata ushauri bora kuliko huo. Nilinunua kitambaa cha Kijapani mtaa wa Mchangani, mita tatu na nusu hivi, na ushonaji ukanigharimu kama sh. 30,000. Darizi ya shingoni, iliyotiwa kwa mkono, ililipwa mbali. Ukijumlisha yote, sikufika mbali na bei ya Kisaudi mbili.

Tofauti unaiona ukiigeuza ndani nje. Zile mbili za kwanza zimeshonwa bega na ubavu, basi. Hii ina kikwapa, kile kipande kidogo cha pembe nne chini ya kwapa, kwa hiyo nikiinua mikono kuomba dua kanzu haipandi na mimi. Ina taharizi, kile kipande kirefu kinachoongezwa ubavuni, ndiyo inayoipa upana wa kutembea. Ina kaba, kitambaa cha ndani cha shingoni, ili jasho lisiile darizi. Na upindo wa chini ni wa vidole vinne, nikitaka kuirefusha nguo ipo. Jambo hili la upindo liangalieni hata mkinunua dukani, maana kanzu ya pamba hupungua ikifuliwa mara ya kwanza.

Kishada cha shingoni, ambacho Waomani wanakiita furakha, fundi alikisuka kwa uzi wa kanzu yenyewe. Wenyewe hukichovya manukato. Mimi nilitia mafuta ya udi, tone moja tu, na harufu ilikaa tangu swala ya Idd hadi usiku tulipomaliza kutembelea wazee. Baba mdogo alikishika, akakinusa, akauliza nani kanishonea. Sikumbuki lini aliwahi kuisifu nguo yangu.

Mdogo wangu anaoa, na kitambaa chake nimeshakituma kwa boti. Fundi kaniambia foleni ni ndefu, na vipimo anataka mwenyewe aje apimwe, hashoni kwa kipimo cha simu. Tunavuka Jumamosi.