Koilova za bei nafuu Unguja: pima safari na kutu kabla ya rangi

Njia ya kushusha gari iliyozoeleka ni kukata springi. Tuiache mapema. Springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi, shokapu inabaki ile ile, na gari inakaa karibu na mwisho wa shokapu, kwa hiyo kila tuta linagonga. Ukiinua gari kwa jeki, springi inalegea kwenye kikombe chake na inaweza hata kuchomoka.

Koilova ni shokapu na springi zilizofungwa pamoja, mwili wake una hesi (mistari ya kuzungushia nati) ili urefu urekebishwe. Wauzaji wanazisifu kwa hatua za ukakamavu, yaani za kukaza au kulegeza shokapu: 16, 24, 30, 32. Hatua hizo ziangalie mwisho kabisa. Cha kuuliza kwanza ni fimbo ya shokapu ina safari kiasi gani kabla ya kugonga, kisha chuma chake kitastahamili chumvi ya huku kwa muda gani.

Safari inataka hesabu ndogo. Tuseme kona moja ya mbele ya Subaru Impreza inakalisha kilo 320 juu ya springi, na shokapu ina safari ya milimita 110. Springi ya kilo 8 kwa milimita itabonyea milimita 40 kwa uzito wa gari tu, zibaki 70. Punguza tena milimita 40 za kimpira cha ndani, kile kinachozuia shokapu kugonga chuma kwa chuma, unabaki na 30 kabla ya kukigusa. Sasa mtu anasema kilo 8 ni ngumu, nitie springi laini ya kilo 5. Inabonyea 64, zinabaki 46, na kimpira kinaguswa baada ya milimita 6. Gari yenye springi laini inagonga mapema kuliko ile ngumu! Ndiyo maana koilova fupi za bei ya chini huja na springi ngumu. Ugumu unaficha ufupi wa shokapu.

Dawa yake ni kuibana springi laini kabla haijabeba gari. Ibane milimita 20 na shokapu itabonyea 44 badala ya 64. Gari itapanda milimita 20, uzirudishe kwa kuzungusha bano la chini, kipande cha mguuni mwa koilova kinachoirefusha au kuifupisha bila kugusa springi. Hakikisha tu springi haifiki mahali pa waya kugusana: katika mfano huu lazima iweze kubonyea zaidi ya 20 na 110, yaani 130.

Hapo utaona kwa nini koilova isiyo na bano la chini linalozunguka haifai, hata ikiwa rahisi vipi. Ile inayoshushwa kwa kuteremsha kikombe cha springi peke yake inakula safari yako kila unapoishusha.

Usinakili namba za mwenye Impreza ukazitia kwenye Toyota Altezza. Impreza mbele ni strati (shokapu yenyewe inashika gurudumu), shokapu inatembea karibu sawa na gurudumu. Altezza ina wishiboni mbili (mkono wa juu na wa chini) mbele na nyuma, shokapu inatembea kidogo kuliko gurudumu. Ikiwa inatembea 0.7 tu ya mwendo wa gurudumu, springi ya kilo 8 gurudumuni inahisiwa kama 8 × 0.7 × 0.7, karibu kilo 3.9. Na ukitafuta za Altezza, tafuta pia zilizoandikwa Lexus IS200 au IS300 za kizazi cha kwanza. Gari ni ile ile kwa jina jingine. Ya magurudumu manne kuvuta ihesabu kuwa gari nyingine.

Kwenye bei ya karibu dola 1,000 au zaidi kidogo, kabla ya usafiri na ushuru, majina mawili hukutana: BC Racing BR ya Taiwan na Tein Flex Z ya Japani. BR ina bomba moja, hatua 30, na inafunguliwa kutengenezwa. Flex Z ina mabomba mawili, hatua 16, na imezibwa. Ikifa unanunua shokapu moja mpya. Kufungua BR kunataka gesi ya naitrojeni na mtu mwenye mashine yake, na kama ni lazima ivuke bahari kwenda na kurudi, afadhali Flex Z kwa gari ya kila siku.

Za mitumba si haramu, ila zikague. Pitisha ukucha kwenye fimbo. Kishimo kimoja cha kutu kitakata sili. Ya bomba moja ukiisukuma chini kwa mkono, itoe springi kwanza, lazima irudi juu yenyewe. Isiporudi, gesi imekwisha. Jaribu pia kuzungusha bano la chini: chuma na aluminiamu vikikaa na chumvi vinashikana, na hapo hakuna nyundo itakayokusaidia.

Kwa sababu hiyo hiyo, hata mpya zipake hesi grisi ya kuzuia kutu kabla ya kufunga, zioshe kwa maji matamu baada ya safari za pwani (kisima cha karibu na bahari hakikusaidii), na kila miezi 3 legeza nati ya duara, ile inayofunga kikombe au bano kwenye hesi, uizungushe kidogo.

Kabla ya kufungua chochote, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, uandike. Kushuka milimita 25 hadi 30 kunatosha. Ukishusha zaidi ya hapo, matuta ya Jozani, yale ya kuwalinda kima punju, yatakukwaruza chini, na ngazi ya meli ya magari itasubiri bampa yako.

Kosa la mafundi wengi ni kukaza bolti za bushi (raba za mikono ya gurudumu) gari ikiwa imening'inia. Raba inajipinda gari ikishuka na inachanika baada ya muda mfupi. Zifunge kwa mkono, teremsha gari kwenye magurudumu, kisha kaza. Ukakamavu uanze katikati, kushoto na kulia sawa. Ukisikia gari inarukaruka baada ya tuta ongeza ukakamavu hatua 2, ikigonga kwenye vishimo vidogo upunguze.

Alaimenti ifanywe baada ya springi kukaa, kama kilomita 100 hivi. Siku hiyo hiyo beba spana ya kulabu ukaze tena nati zote za duara, na sikiliza maunti za juu, yaani vishikizo vya koilova kwenye bodi: mlio wa kokoto unapokata usukani mara nyingi ni nati ya fimbo iliyolegea, na shokapu yenyewe huwa nzima.